Vifaa vya Mlio vya Kielektroniki katika Uwindaji wa Swala Pembe-panda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo nimeulizwa na Waswahili wenzangu waliohamia majimbo ya magharibi ya Marekani, hasa Idaho na Colorado, ambao wameanza kuwinda kwa leseni na kukuta madukani spika zinazotoa milio ya wanyama. Baadhi yao walikulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo desturi yote ya leseni, misimu na droo, yaani bahati nasibu ya vibali, ni mpya kwao. Majibu nimeyaandika kwa urefu pale ambapo jambo lenyewe linahitaji maelezo, na kwa ufupi pale ambapo halihitaji.

Huyu pronghorn ni mnyama gani, na kwa nini hapa anaitwa swala?

Kiswahili hakina jina lake, kwa kuwa haishi popote nje ya Amerika ya Kaskazini. Mimi nimemwita swala pembe-panda kwa sababu pembe ya dume ina tawi moja linalochomoza kuelekea mbele, mfano wa njia panda. Kwa umbo anamkumbusha mtu swala granti, lakini si swala wa kweli. Ni mnyama wa mwisho aliyebaki katika ukoo wa Antilocapridae, na jamaa zake wa karibu zaidi walio hai ni twiga na okapi. Kwa hiyo mtu wa Arusha na mtu wa msitu wa Ituri huko Kongo, anakoishi okapi, wamekwisha kuwaona ndugu zake bila kujua. Pembe zake nazo ni za ajabu: ndani kuna kiini cha mfupa kisichotoka, na juu yake limevikwa ala la keratini, kitu kile kile cha kucha, ambalo hudondoka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha likaota jingine.

Anaishi katika nyika zilizo wazi, penye nyasi fupi na vichaka vya kijivu visivyofika kiunoni, na jimbo la Wyoming ndilo lenye wengi kuliko yote. Kasi yake hutajwa kuwa karibu kilomita 88 kwa saa, na hakuna mnyama wa nchi kavu katika bara lile anayemfikia.

Kifaa cha mlio cha kielektroniki ni kitu gani hasa?

Ni spika inayotumia betri, yenye kadi ya kumbukumbu ndani yake iliyojaa milio iliyorekodiwa: sungura aliyekamatwa, mtoto wa kulungu anayelia, koyote (mbwa wa mwituni wa Amerika, mfano wa bweha) wanaobweka, na kadhalika. Mwindaji huiweka spika hatua hamsini au zaidi kutoka alipojificha, akaiendesha kwa rimoti, ili mnyama anayekuja aelekeze macho na pua kwenye spika badala ya kumwelekea mtu. Kifaa hiki kilienea hasa kwa wawindaji wa koyote, na kwa kazi hiyo kinafaa sana.

Kisichanganywe na kipenga cha mdomo, yaani kijibomba cha plastiki au mti chenye ulimi mwembamba unaotetema kama wa zumari, ambacho mwindaji hukipuliza kwa pumzi yake mwenyewe. Tofauti ya vitu hivi viwili inaonekana ndogo dukani, lakini mbele ya sheria ndiyo tofauti yenyewe.

Je, ni halali kukitumia kumwinda swala pembe-panda?

Hili ndilo swali ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya kufungua pochi, na kwa bahati mbaya wengi huniuliza baada ya kununua. Uwindaji wa wanyama wa nchi kavu Marekani husimamiwa na kila jimbo kwa sheria zake, kwa hiyo hakuna jibu moja la nchi nzima. Montana inakataza kutumia milio ya ndege au wanyama iliyorekodiwa au iliyokuzwa kwa umeme katika kuwinda, na inaacha mlango wazi kwa wanyama walao nyama wasiolindwa na sheria ya jimbo, kama koyote. Swala pembe-panda hayumo katika kundi hilo. Idaho nayo inakataza vifaa vya mlio vya kielektroniki kwa wanyama wakubwa wa kuwindwa, ambao swala pembe-panda ni mmoja wao, na msamaha wake unawahusu walao nyama kama mbwamwitu.

Anayehama jimbo, au anayepata kibali katika jimbo jirani, asichukue kanuni za nyumbani akavuka nazo mpaka. Idara ya wanyamapori ya kila jimbo hutoa kijitabu cha kanuni kila mwaka, na sehemu ya kusoma ni ile inayoorodhesha njia zilizokatazwa za kuwinda wanyama wakubwa. Isomwe ya mwaka huo huo, kwa sababu tume za wanyamapori hubadilisha mambo haya mara kwa mara, na muuza duka si wakala wa sheria hata kama amekuwa na duka hilo tangu ujana wake.

Wapo wanaodhani kwamba wakiwinda ndani ya shamba la mtu binafsi, kwa idhini ya mwenyewe, kanuni hiyo haiwagusi. Inawagusa. Ardhi ni ya mwenye shamba, lakini mnyama anasimamiwa na jimbo kwa niaba ya wananchi wote, na njia iliyokatazwa imekatazwa pande zote mbili za seng'enge. Maeneo ya makabila ya wenyeji wa asili, kwa mfano Wind River huko Wyoming, yana kanuni zake na vibali vyake, na mgeni hawezi kuingia humo kuwinda kwa leseni ya jimbo peke yake. Katika hifadhi ya Yellowstone hakuna uwindaji kabisa.

Kwa nini spika ikatazwe na kipenga cha mdomo kiruhusiwe?

Sababu inayotolewa zaidi ni ile ya uwindaji wa haki, yaani mnyama abakiziwe nafasi ya kweli ya kumshinda mwindaji. Anayepuliza kipenga hukosea, huishiwa pumzi, hutoa mlio mbovu, na lazima awepo pale pale mlio unapotokea. Spika haichoki wala haikosei. Historia nayo ina uzito wake: mwanzoni mwa karne ya 20 mnyama huyu, aliyekuwa amejaza nyika kwa mamilioni, alibakia kwa makumi ya maelfu tu, na kurudi kwake kulitokana na kufungwa kwa misimu, vibali vya droo na masharti ya namna hii.

Serikali ya shirikisho ilichukua msimamo huo huo kwa ndege wahamao, ambao wako chini ya mamlaka yake: ni marufuku kuwawinda kwa milio iliyorekodiwa au kukuzwa kwa umeme. Msamaha unaojulikana ni wa mabata bukini weupe, ambao tangu mwaka 1999 wameruhusiwa kuwindwa kwa spika katika kipindi maalumu, kwa sababu wameongezeka mno hata wanaharibu maeneo yao ya kuzalia kaskazini. Mimi naona msamaha huo unaeleza kanuni yenyewe vizuri kuliko maelezo mengine yoyote: spika huruhusiwa pale ambapo lengo ni kupunguza idadi, na si pale ambapo lengo ni kuwinda kwa kiasi.

Nikicheza mlio kwenye simu yangu tu, bila kununua kifaa?

Sheria ikisema mlio uliorekodiwa au kukuzwa kwa umeme, haikutaja chapa wala bei. Simu inayotoa sauti ya dume ni kifaa cha mlio cha kielektroniki kwa maana zote zenye uzito, na ile programu ya bure uliyoipakua haibadilishi kitu.

Naweza kubeba spika kwa ajili ya koyote siku hiyo hiyo ninapowinda swala?

Katika majimbo yanayoruhusu spika kwa koyote, kuimiliki si kosa. Ugumu unaanza pale askari wa wanyamapori anapokukuta umelala kwenye majani na upinde mkononi, kibali cha swala mfukoni, na spika ikiwa imewashwa mbele yako. Utakuwa na maelezo marefu ya kutoa, nayo yatategemea kama anakuamini. Mimi huiacha spika garini, ndani ya sanduku lake, betri zikiwa zimetolewa. Koyote watakuwepo hata mwezi wa kwanza.

Swala pembe-panda hutoa milio gani?

Michache kuliko watu wanavyodhani, na hapa ndipo spika nyingi zinapodanganya, kwa sababu orodha yake ina milio ya kulungu iliyopewa jina jingine.

Mlio wa kwanza ni wa hofu. Mnyama hupuliza hewa puani kwa nguvu, kwa sauti fupi na kali, na papo hapo nywele nyeupe za makalioni husimama na kutanuka hata doa lile likaonekana kama kioo kilichopigwa na jua. Wenzake wakiona hivyo hukimbia. Nimewahi kukuta mlio huu ndani ya orodha ya milio ya kuitia, jambo ambalo ni sawa na kugonga mlango wa mtu huku ukipiga kelele kwamba nyumba inaungua.

Wa pili ni wa dume anayemtishia mwenzake, na ndio wawindaji wanaouiga. Huanza kwa mkoromo wa kukwaruza unaotoka puani, mrefu kiasi, kisha hufuata mfululizo wa vikohozi vifupi vinavyokaribiana na kushuka nguvu hadi vinazimika, kama mzee anayecheka huku akikohoa. Dume anayeutoa huwa tayari amesimama wima, ameelekeza uso kwa mgeni, na nywele nyeusi za shingoni zimesimama. Mara nyingi huambatana na vitendo: hunusa ardhi, huichimba kwa kwato za mbele, hukojoa na kunya pale pale, halafu husugua majani kwa doa jeusi lililo chini ya sikio, lenye tezi ya harufu. Baada ya hapo madume wawili huweza kutembea sambamba, kila mmoja akimpima mwenzake kwa pembeni, na kwa kawaida mmoja huona inatosha akaondoka.

Wa tatu ni wa mama na mtoto, sauti nyembamba ya kuitana, na ukelele wa mtoto aliyekamatwa.

Kwa nini mlio humleta elki mbio na usimlete huyu?

Kwa sababu ya mahali wanapoishi. Elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, hukaa misituni. Kati yake na mwenzake kuna miti, mabonde na giza, hivyo sauti ndiyo inayopeleka habari, na anayetaka kujua kama sauti ile ni ya adui au ya jike hana budi kwenda kutazama. Swala pembe-panda anaishi mahali ambapo hakuna kinachomzuia kuona. Macho yake ni makubwa na yamekaa pembeni mwa kichwa, na uwanja wake wa kuona hukadiriwa kuwa karibu digrii 320, maana yake ni kwamba anakula huku akiona mbele, pembeni na karibu nyuma yote kwa wakati mmoja. Mwenye macho haambiwi tazama. Akisikia dume mwingine akikohoa kutoka kwenye uwanda mtupu, huinua kichwa, huangalia mahali sauti ilipotokea, na asipoona dume hapo, jambo limekwisha. Sauti isiyo na mwili haimshawishi.

Kwa hiyo, hata tukiiweka sheria kando, spika inampa mwindaji wa mnyama huyu faida ndogo mno. Unaweza kuwa na mlio safi kuliko wa dume mwenyewe, uliorekodiwa kwa maikrofoni ya bei kubwa, na bado ukaishia kumfanya atazame kwa makini zaidi mahali ulipojificha, jambo ambalo ndilo hasa ulikuwa hulitaki.

Jambo hili haliwahusu wanyama wote. Nchini Tanzania na kwingineko Afrika watafiti wamewahesabu simba na fisi kwa kucheza milio ya mnyama anayelia kupitia spika kubwa juu ya gari wakati wa usiku, nao huja, kwa kuwa mla nyama hufuata sauti ya chakula gizani. Koyote ni wa kundi hilo. Swala pembe-panda ni mla majani wa mchana kweupe, na anashughulika na kitu tofauti kabisa.

Basi kipenga cha mdomo kina faida gani?

Kina faida kikiwa msaidizi wa sanamu. Wawindaji wa upinde hutumia sanamu ya dume mdogo, mara nyingi picha iliyochapwa kwenye kitambaa na kunyoshwa kwa fremu nyepesi ya chuma inayokunjika. Hunyatia wakiwa wamejificha nyuma ya kilima au mkondo mkavu hadi mita mia mbili au tatu kutoka kwa dume mwenye majike, kisha huinua sanamu polepole ukingoni. Dume mwenye majike akiona kijana ameingia katika eneo lake, mara nyingine humfuata kwa hasira na kuja moja kwa moja. Kipenga hapo kina kazi moja tu, nayo ni kumfanya ageuze kichwa na kuiona sanamu ikiwa alikuwa ameelekea upande mwingine.

Septemba moja, mashariki mwa Wyoming, nilijifunza mpangilio huu kwa njia isiyopendeza. Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya kichaka, dume akiwa umbali wa kama mita 400, nikapuliza kipenga mara tatu kwa ustadi niliojivunia. Aliinua kichwa na kututazama, jani likiwa limening'inia mdomoni, kwa muda uliotosha mimi kuanza kuhesabu pumzi zangu; kisha akaendelea kula. Mwenzangu akainua sanamu, ambayo upepo ulikuwa ukiichapa hata ikambidi aishike kwa mikono miwili. Safari hii dume hakutafakari. Nywele za shingo zilisimama, na katika muda usiofika nusu dakika alikuwa amesimama hatua hamsini mbele yetu, ubavu wazi, akishangaa kwa nini mpinzani wake ana miguu minne ya bati. Mshale wangu ulikuwa bado haujawekwa kwenye upote, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshughulika na kipenga. Aliondoka kwa mwendo wa kawaida, bila hata kukimbia.

Tangu siku hiyo kipenga changu kimefungwa kamba shingoni, ili kianguke chenyewe kifuani ninapokiachia, na mshale huwekwa kwanza.

Ni wakati gani wa mwaka mlio na sanamu hufanya kazi?

Msimu wa kupandana. Katika majimbo ya kaskazini, kama Wyoming na Montana, kilele chake huwa kuanzia katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Kusini, Arizona na New Mexico, huanza mapema zaidi, hata Agosti. Kabla ya hapo madume wengi huvumiliana, na sanamu ya dume huangaliwa kama jirani tu. Baada ya hapo maala ya pembe hudondoka na ugomvi huisha.

Mwezi Agosti kukiwa na joto na ukame, mwindaji wa upinde hana sababu ya kuita mtu. Kibanda cha maficho kando ya birika la ng'ombe, kikisimamishwa siku kadhaa mapema ili wanyama wakizoee, kinashinda milio yote.

Sauti iwe kubwa kiasi gani, na nipulize mara ngapi?

Kidogo kuliko unavyotamani. Katika eneo la wazi sauti hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, na upepo wa nyika, ambao wakati wa mchana hautulii, huila sehemu kubwa ya iliyobaki. Ndiyo maana wengine hushawishika kutafuta spika yenye nguvu. Lakini mlio unaomfikia dume wa mita 600 ni mkubwa mno kwa yule wa mita 150 ambaye hukumwona, na yule wa karibu ndiye atakayekimbia na kuwachukua wote. Puliza mara moja, ngoja, tazama kwa darubini. Akikuangalia, acha. Kupuliza tena wakati mnyama anakutazama ni kumwonyesha kwa kidole mahali ulipo.

Kuhusu upepo, usijiweke mahali ambapo unatoka kwako kwenda kwake, ingawa ndiko sauti inakosafiri vizuri zaidi, kwa kuwa harufu yako nayo itasafiri humo humo. Upepo wa ubavuni ndio wa kutafuta.

Je, mlio wa mtoto anayelia humwita jike?

Watoto huzaliwa mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni, kwa kawaida mapacha, na katika wiki zile za kwanza jike hukimbilia kilio hicho kwa kweli, hata kumfukuza koyote kwa kwato. Msimu wa kuwinda unapofunguliwa watoto wanakimbia kama mama zao, na mwitikio huo umepoa. Atakayeitikia zaidi ni koyote. Binafsi sipendi hila hii hata pale inaporuhusiwa.

Nimesikia kwamba kupunga kitambaa cheupe kunatosha. Ni kweli?

Ni hila ya zamani, na ina msingi. Mnyama huyu ana udadisi unaokaribia kuwa ugonjwa. Mwaka 1805 mpelelezi Mmarekani Meriwether Lewis, alipokuwa akipanda mto Missouri na msafara wake, aliandika kwamba mwindaji aliyelala chini na kuinua mkono, kofia au mguu wake aliweza kumfanya arudi kwa mwendo wa taratibu kuja kutazama kitu kile ni nini. Zingatia kwamba hata hapo kilichomleta kilikuwa kitu cha kuonekana. Siku hizi, katika maeneo yenye wawindaji wengi, kitambaa humfanya aondoke zaidi kuliko anavyokuja. Nimekiona kikifanya kazi kwa madume wachanga tu.

Pembe za mnyama aliyewindwa kwa spika zinaweza kuingizwa katika rekodi?

Klabu ya Pope and Young, iliyoanzishwa mwaka 1961 na inayotunza rekodi za wawindaji wa upinde wa Amerika ya Kaskazini, imeandika katika kanuni zake za uwindaji wa haki kwamba mnyama hakubaliki ikiwa vifaa vya kielektroniki vimetumika kumvuta, kumtafuta au kumfuatia. Mwindaji hutia saini tamko la kiapo. Kwa hiyo hata katika jimbo ambalo sheria haikukataza, mlango huo umefungwa.

Nikikamatwa, ni nini kinachoweza kunipata?

Inategemea jimbo: faini, kunyang'anywa mnyama na mara nyingine vifaa, na kufutiwa haki ya kuwinda kwa muda. Mambo mawili yanastahili kujulikana zaidi ya hayo. La kwanza ni kwamba karibu majimbo yote yamo katika mkataba wa pamoja kuhusu wakosaji wa sheria za wanyamapori, hivyo aliyefutiwa leseni Montana asitegemee kununua nyingine Colorado. La pili ni Sheria ya Lacey ya mwaka 1900, inayofanya kuwa kosa la shirikisho kusafirisha kuvuka mpaka wa jimbo mnyama aliyepatikana kwa kuvunja sheria ya jimbo alikotoka. Mtu anaweza kuwa amefanya kosa dogo nyikani, akalifanya kuwa kubwa kwa kupakia nyama kwenye boksi la barafu na kuendesha gari hadi nyumbani.

Je, kuna hatari katika kutumia sanamu?

Ipo, na si ndogo. Sanamu nzuri humdanganya pia mwindaji mwingine aliye upande wa pili wa kilima. Itumie wakati wa msimu wa upinde pekee, wala usiinue sanamu ya dume wakati msimu wa bunduki umefunguliwa. Unapoibeba, ikunje na kuifunika kwa kitambaa cha rangi ya chungwa inayong'aa. Wyoming na Colorado, kwa mfano, huwataka wawindaji wa bunduki wavae rangi hiyo au ya waridi inayong'aa, nayo si ya kuwaogopesha wanyama bali ya kuwazuia watu wasikudhanie mnyama.

Mimi si mwindaji, napiga picha tu. Naweza kutumia spika?

Si ndani ya Yellowstone, ambako kuwaita wanyama kwa namna yoyote, iwe kwa spika, kipenga au kinywa chako mwenyewe, kumekatazwa. Kwingineko uliza kwanza, na ukumbuke kwamba dume wa Septemba anatumia akiba ya mafuta atakayoihitaji kwenye theluji. Ukimkimbiza mara tano kwa ajili ya picha moja, gharama anailipa yeye.

Nimekwisha nunua kifaa. Nikitupe?

Usikitupe. Kichukue sebuleni, uchague mlio wa dume, uusikilize hadi ujue mkoromo unachukua muda gani na vikohozi vinashuka vipi, kisha chukua kipenga na uuige mpaka watu wa nyumbani waombe amani. Jirekodi kwa simu na ulinganishe. Kosa la wengi ni kupuliza vikohozi vyote kwa nguvu moja, wakati kwa dume wa kweli cha mwisho hakisikiki vizuri. Wiki mbili za robo saa kila jioni zinatosha. Baada ya hapo kiweke mpaka mwezi wa kwanza, na ukiwa na leseni inayofaa katika jimbo linaloruhusu, kipeleke kwa koyote.

Na nikienda nyikani bila mlio wowote?

Nenda. Chukua darubini nzuri, maji ya kutosha na suruali ya kitambaa kigumu yenye pedi magotini, kwa maana utatambaa kwa mikono na magoti juu ya dungusi wadogo wasioonekana hadi wakuchome.